Rosika Schwimmer: hawakuogopa bunduki yake, waliogopa mdomo wake

Mei 27, 1929 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura 6 kwa 3 kwamba mama mmoja wa miaka 51 hastahili kupewa uraia, kosa lake ni kukataa kuahidi kwamba ikibidi atashika silaha kuilinda nchi. Kabla hatujaenda mbali ujue kwamba Marekani ya mwaka ule ilikuwa haipeleki mwanamke vitani, na hata angekuwa mwanaume kwa umri ule asingeitwa. Yaani walimuuliza kama atafanya kitu ambacho wao wenyewe wasingemruhusu kukifanya, akajibu kweli yake kwamba hatafanya, wakamnyima. Mama mwenyewe anaitwa Rosika Schwimmer, Mhungaria, Myahudi, feministi wa mwanzo kabisa kwao, na ukiuliza watu kumi leo nani anamjua sidhani kama utampata hata mmoja.

Hii stori huwa inasimuliwa kama kichekesho cha sheria, kwamba ona majaji wale walivyokuwa hamnazo. Mi naona hapana, majaji walijua vizuri sana wanachokifanya na waliandika wenyewe kwenye hukumu, tutafika. Shida ya Schwimmer kwa maisha yake yote haikuwa kwamba anapenda amani, kila mtu anapenda amani hata majenerali wanapenda amani, shida yake ni kwamba yeye aliichukulia amani kama kazi ya kufanywa Jumatatu asubuhi, ina mpango, ina bajeti, ina watu wa kuwaona na barua za kuwapelekea, na mwanamke akija na amani ya aina hiyo watu wanakosa raha haraka sana.

Alizaliwa Budapest Septemba 11, 1877 na sehemu ya utoto akakulia Temesvár, mji ambao leo uko Romania. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa mazao, biashara ikafa, binti akaingia maofisini kutunza vitabu vya hesabu. Hapo ndipo siasa zake zilipoanzia kwa mtazamo wangu, siyo kwenye vitabu vya falsafa. Karani wa kike analipwa kidogo, hana chama, hana kura, bosi ndiye sheria. Akaanza kuwapanga makarani wenzake wa kike, akaongoza chama chao, halafu mwaka 1904 yeye na mwenzake Vilma Glücklich wakaanzisha Feministák Egyesülete, chama cha mafeministi cha Hungaria, jina wala hawakulificha. Wakawa na gazeti lao, akatafsiri Kihungaria kitabu cha Charlotte Perkins Gilman kuhusu wanawake na uchumi, akawa anazunguka Ulaya anahutubia kwa lugha kadhaa na watu wanacheka maana alikuwa na ulimi wa utani. Mwaka 1913 wakauleta Budapest mkutano mkuu wa umoja wa kimataifa wa wanawake wanaodai kura, kwa wakati ule hiyo ilikuwa kazi kubwa, mji mzima ulijua kuna wageni. Aliolewa pia, ndoa haikufika mbali, akaendelea na maisha yake, hilo halina mengi.

Mwaka 1914 alihamia London kuwa katibu wa habari wa ule umoja. Juni akauawa mrithi wa kiti cha Austria kule Sarajevo, na Waingereza wengi, wakiwemo wakubwa serikalini, walikuwa wamezama kwenye mgogoro wa Ireland wala hawashtuki. Schwimmer akamfuata Lloyd George, waziri wa fedha, akamwambia kule kwetu watu wamechafukwa, hili jambo lisipotulizwa litaleta vita na Serbia na vita hiyo haitaishia pale. Lloyd George mwenyewe alikuja kuliandika kwenye kumbukumbu zake miaka baadaye, kwamba mtu aliyemwonya alikuwa ni huyu mama wa Kihungaria, wakati watu wa serikali walikuwa wanaona mambo yatatulia. Sasa mtu kama huyo ukimwita mwota ndoto unakuwa humtendei haki, kati ya waliokuwa wanaongea na Lloyd George mwezi ule yeye ndiye aliyekuwa anaona vizuri.

Vita vikalipuka, na ghafla Schwimmer akawa raia wa nchi adui akiwa London. Akaacha kazi ya ofisini akavuka kwenda Marekani, na Septemba 1914 akawa ameshaingia kwa rais Woodrow Wilson pamoja na Carrie Chapman Catt, Mmarekani aliyekuwa rais wa ule umoja wa kura, akiwa na ombi la wanawake wa nchi mbalimbali kwamba Marekani iite nchi zisizopigana zikae kama wapatanishi. Wilson akawasikiliza kwa adabu. Neno adabu likumbuke, maana ndilo lililomponza baadaye.

Halafu ikaja The Hague. Aprili 28 hadi Mei 1, 1915, wanawake zaidi ya 1,100 kutoka nchi 12 wakakusanyika Uholanzi katikati ya vita, Mjerumani amekaa na Mbelgiji, mwenyeji ni daktari Aletta Jacobs na mwenyekiti ni Jane Addams wa Chicago. Waingereza 180 walitaka kwenda, serikali yao ikafunga usafiri wa baharini wakafika watatu tu, na hao watatu ni kwa sababu walikuwa tayari wako kule au walikuja na meli ya Wamarekani. Vita yenyewe ndiyo ile ambayo Novemba 1914 ilikuwa imeshafika Tanga na ikaja kuwasomba wapagazi wa kwetu maelfu kwa maelfu wakafa kwa njaa na homa porini, kwa hiyo tusiisome kana kwamba ni ugomvi wa Wazungu huko kwao, ingawa kwenye ule ukumbi wa The Hague hakukuwa na mtu wa kuwasemea wapagazi, na hilo nalo linabaki hesabuni.

Mkutano ule ungeweza kuishia kama mikutano mingi inavyoishia, maazimio 20, picha ya pamoja, watu makwao. Schwimmer ndiye aliyesimama siku ya mwisho akapendekeza kwamba maazimio yasitumwe kwa posta, wachaguliwe wanawake wayabebe kwa mikono wakawaone wafalme, mawaziri wakuu na marais wa nchi zinazopigana na zisizopigana. Wenzake wengi waliona ni kujidhalilisha, wengine waliona ni hatari, Addams mwenyewe hakuipenda mwanzoni. Schwimmer akawaambia kwamba kama akili ndizo zimetufikisha hapa basi ni wakati mioyo nayo iseme, watoto wetu wanauawa kwa mamilioni, sisi tukienda kwa wafalme hatari pekee tunayoipata ni kukataliwa. Hoja ikapita kwa shida. Na wakaenda kweli! Kundi la Addams likazunguka London, Berlin, Vienna, Rome, Paris, na kundi la Schwimmer, akiwemo Emily Balch na Chrystal Macmillan, likapanda Skandinavia, na wenzake bila yeye wakafika mpaka Urusi kwa waziri wa mambo ya nje Sazonov.

Mpango wenyewe haukuwa wa kulia na kuomba. Uliandikwa na mwalimu mmoja wa Wisconsin anaitwa Julia Grace Wales, na wazo lake lilikuwa kwamba nchi zisizopigana zisisubiri mpaka wapiganaji waombe suluhu, ziunde tume ya wataalamu inayokaa muda wote, inapeleka mapendekezo kwa pande zote kwa wakati mmoja, yakikataliwa inarekebisha inapeleka tena, na tena, bila kudai kwanza mapigano yasimame. Ukiangalia usuluhishi unavyofanyika siku hizi utaona siyo wazo la kijinga hata kidogo. Kilichokosekana ni serikali moja yenye ubavu ya kuita hiyo tume, na serikali hiyo ilikuwa Marekani, na Wilson hakutaka.

Hapa sasa lazima niseme Schwimmer alikosea, na kosa lake siyo lile analolaumiwa. Wanasema alikuwa na hisia nyingi, mi nasema alikuwa na imani iliyozidi kwenye maneno ya faragha. Mawaziri walimwambia serikali yao haitaona ubaya tume ikiundwa, yeye akaandika kwenye makaratasi yake kwamba nchi fulani imekubali. Waziri akikwambia haoni ubaya hajasema ndiyo, ametafuta namna ya kukutoa ofisini bila ugomvi. Kila upande ulikuwa bado unaamini utashinda, Ujerumani ilikuwa imekaa juu ya ardhi ya Ubelgiji na haikuwa na haraka ya kuirudisha, kwa hiyo zile adabu za kwenye viti vya mawaziri hazikuwa na thamani aliyozipa.

Makaratasi hayo ndiyo aliyoyaweka kwenye mkoba mweusi aliokuja nao kwa Henry Ford. Novemba 1915 akamwona tajiri wa magari kule Detroit, Ford akavutiwa, na ndani ya wiki chache ikakodiwa meli ya Oscar II, Ford anatangaza kwa waandishi kwamba atawatoa vijana mahandakini kabla ya Krismasi. Ukisikia tangazo la namna hiyo ujue mambo yameshaharibika, hakuna mpatanishi duniani anayetangaza tarehe. Meli ikaondoka Hoboken, New Jersey, Desemba 4 huku umati unashangilia na unacheka, kuna mtu wa kejeli alileta hadi kuchakuro kwenye tundu wapande meli, maana kuchakuro anakula karanga na kwa Kiingereza "nuts" ni karanga na ni vichaa pia. Wanahabari zaidi ya 50 wakapanda, kazi yao ikawa kuandika vituko, magazeti yakaiita meli ya wajinga. Addams aliumwa hakwenda. Njiani abiria wakagombana juu ya mpango wa Wilson wa kuongeza jeshi, na Schwimmer akawa anaongoza kama bosi, haulizwi, hashauriani, mkoba hataki kuufungua waandishi waone kilichomo. Mi simtetei kwenye hili. Mtu aliyetoka kwenye vyama vya makarani alitakiwa ajue kwamba watu ukiwaburuza wanakuacha. Walipofika Norway Ford alikuwa na mafua makali, akakaa siku chache hotelini akageuza nyumbani kimyakimya, pesa akaendelea kutoa kwa muda, na tume isiyo ya kiserikali ikafunguliwa Stockholm mwaka 1916 ikafanya kazi yake kwa utulivu bila mtu kuiandika. Schwimmer alijiuzulu mapema mwaka huohuo maana walishamchoka.

Angalia lakini lawama ziligawanywaje. Ford ndiye aliyetangaza Krismasi, ndiye aliyekimbia, na miaka ya 1920 gazeti lake la Dearborn Independent likawa linachapisha sumu dhidi ya Wayahudi wiki baada ya wiki. Heshima yake kama mfanyabiashara haikupungua kitu. Schwimmer akabaki ndiye mwanamke mjanja wa kigeni aliyemlaghai tajiri mwema wa Kimarekani, na wakatokea waliodai kwamba yeye ndiye aliyemfanya Ford awachukie Wayahudi! Yaani Myahudi analaumiwa kwa mtu kuchukia Wayahudi, halafu watu wazima wanatikisa kichwa wanakubali.

Vita vikaisha, Hungaria ikaanguka kutoka kwenye himaya, na serikali mpya ya Mihály Károlyi ikamteua Schwimmer kuwa balozi Uswisi mwishoni mwa 1918. Balozi mwanamke mwaka 1918! Majirani walikuwa bado hawajui wamsalimieje, Uswisi yenyewe wanawake walikuja kupata kura ya taifa mwaka 1971. Hakudumu, mapema 1919 akarudishwa. Machi akaingia Béla Kun na wakomunisti, wakamwona mbepari wakamnyang'anya haki za kiraia. Kun akaanguka miezi michache baadaye akaja admirali Horthy wa mrengo wa kulia na watu wake wanaua Wayahudi na wapinzani, hao nao wakamwona mkomunisti. Akatoroshwa hadi Vienna mwaka 1920, na 1921 akaingia Marekani kwa msaada wa rafiki yake wa siku zote Lola Maverick Lloyd, tajiri wa Chicago aliyekuwa naye The Hague. Alipofika huko akakuta magazeti na vyama vya wazalendo vinamwita vyote kwa mpigo, jasusi wa Ujerumani na wakala wa Moscow. Schwimmer akamshtaki mwandishi mmoja wa taarifa hizo, na mwaka 1928 akashinda akapewa fidia ya dola 17,000. Lakini kushinda kesi hakukumrudishia kazi, majukwaa yalikuwa yameshafungwa, vyama vya wanawake navyo vilikuwa vinaogopa kuonekana naye. Wenzake waliguswa pia ili tusizidishe, Addams alitukanwa sana na Balch alipoteza kazi yake ya kufundisha Wellesley, tofauti ni kwamba wao walikuwa na nchi ya kurudi nyuma na kusubiri upepo upite.

Yeye akaomba nchi. Fomu ya uraia ilikuwa na swali namba 22, ikibidi uko tayari kushika silaha kuilinda nchi hii? Kudanganya hapo ilikuwa rahisi kuliko kupiga chafya, nani angekuja kumdai bunduki bibi wa miaka 49? Akaandika kwamba yeye binafsi hatashika silaha. Wakamhoji mahakamani Chicago, jaji akamtungia kisa, adui amemlenga ofisa wa Marekani mgongoni na wewe una bastola mkononi, utampiga? Hapana. Akaeleza kwamba yuko tayari kufanya kila kitu anachotakiwa raia isipokuwa kupigana, kwamba hajali wanawake wangapi wengine watapigana maana hilo ni la dhamiri, na kwenye barua moja alikuwa ameshaandika kwamba hana hisia za utaifa, ana hisia za kuwa mmoja wa familia ya binadamu tu. Barua hiyo wakaileta kama kidhibiti. Mahakama ya wilaya ikamnyima, ya rufaa ikampa, serikali ikapanda juu.

Jaji Pierce Butler aliyeandika hukumu ya wengi angeweza kusema sheria ni sheria akamaliza. Hakufanya hivyo, maana hata yeye aliona kuhusu umri na jinsia hoja haina miguu. Akasema kwamba mtu kutofaa kwa jeshi kwa sababu ya jinsia au umri au nyingineyo hakupunguzi nia yake wala uwezo wake wa kushawishi wengine. Soma tena hapo. Tatizo siyo kwamba hatapigana, tatizo ni kwamba anaweza kuongea watu wakamsikiliza. Kwa hiyo kile kichekesho cha bibi na bunduki ni pazia tu, na Butler mwenyewe ndiye aliyelifunua. Na ndiyo maana nasema hawakukosea kumsoma, walimsoma vizuri kuliko wanahabari wa Oscar II waliomwona kituko.

Cha kuchekesha kweli kiko pembeni. Agosti 1928 Marekani hiyohiyo ilikuwa imesaini Paris mkataba wa Kellogg na Briand unaokataa vita kama njia ya siasa ya taifa, Januari 1929 seneti ikauridhia, na Mei ikamnyima mtu uraia kwa kukataa vita. Serikali ikiikataa vita kwenye karatasi inapigiwa makofi, mama akiikataa kwenye fomu anaonekana hatari.

Upande wa waliopinga aliandika mzee Oliver Wendell Holmes, miaka 88, askari wa zamani wa vita vya wenyewe kwa wenyewe aliyejeruhiwa mara tatu, mtu ambaye hakuamini hata kidogo kwamba vita vitakwisha duniani. Na alisema wazi hakubaliani na matumaini ya huyu mama. Lakini akaandika kwamba kama kuna kanuni ya katiba inayodai kushikwa kuliko zote ni uhuru wa mawazo, na siyo uhuru wa mawazo kwa wanaokubaliana na sisi, bali uhuru kwa mawazo tunayoyachukia. Akaongeza kijembe, kwamba Wakweka, Wakristo ambao imani yao inakataa vita, wamechangia kuifanya nchi iwe hivi ilivyo na hakujua kwamba watu wanasikitika kushindwa kuwafukuza kwa kuyaamini mahubiri ya Yesu mlimani kuliko wengine. Mstari wake wa mawazo tunayoyachukia unanukuliwa kila mahali leo, kwenye kesi za kila aina, na wanaounukuu wengi hawajui kwamba wazo lililochukiwa siku ile lilikuwa amani.

Akabaki bila nchi. Hakunyamaza, mwaka 1935 alimpelekea mwanahistoria Mary Beard wazo la kuwa na kituo cha dunia cha kuhifadhi nyaraka za wanawake, kikafunguliwa na kikafa 1940 kwa kukosa pesa. Mwaka 1937 yeye na Lola Lloyd wakaanzisha kampeni ya serikali ya dunia, wazo ambalo mi binafsi silipendi, sioni kwa nini serikali moja kubwa iwe na huruma kuliko ndogo nyingi zilizomtesa yeye mwenyewe. Ila naelewa limetoka wapi, mtu aliyekataliwa na kila pasipoti lazima afike mahali aulize pasipoti ni za nini. Akaugua kisukari, akawa anaishi New York kwa kusaidiwa na marafiki. Mwaka 1946, kwenye kesi ya Msabato mmoja, Mahakama ya Juu iliifuta hukumu yake ikasema ilikosea. Mwaka huo Balch akapata Nobel, Addams alishapata tangu 1931. Schwimmer alipendekezwa mwaka 1948, akafa Agosti 3 mwaka huohuo, na kamati haikumpa mtu yeyote ya amani mwaka ule.

Lile swali la fomu halikufa naye. Sheria za miaka ya 1950 ziliruhusu mtu kukwepa kiapo cha silaha kama imani na mafundisho ya dini yake yanamkataza, ambayo kwa Schwimmer isingesaidia kitu maana alisema wazi hana dini. Mahakama zikaja kulegeza zaidi, msimamo wa kimaadili nao ukakubalika, angalau kwenye vitabu. Halafu mwaka 2013 kule Texas mama mmoja wa miaka 64 mzaliwa wa Uingereza, asiye na dini, aliyeishi Marekani zaidi ya miaka 30, akaomba uraia, akakutana na swali lilelile, akajibu kwamba dhamiri yake hairuhusu. Maofisa wakamjibu alete barua ya kanisa kwenye karatasi yenye nembo. Zikapigwa kelele, mawakili wakaingia, ndipo wakampa.